Sura ya Sita: Yape Maji Njia

Masika yakianza, malori ya kifusi hayapumziki Dar es Salaam. Mvua inanyesha siku mbili tatu mfululizo, maji yanatuama mbele ya mlango, mwenye nyumba anapiga simu. Lori linamwaga mzigo, vijana wanasambaza kwa koleo, na kabla ya jioni dimbwi halionekani. Mvua kubwa inayofuata inalirudisha, safari hii upande wa jiko, au inalihamishia kwa jirani. Jirani naye anaagiza lori lake. Baada ya miaka kadhaa ya mashindano hayo, nyumba ya yule asiye na fedha ya kifusi ndiyo inayobaki shimoni, ikipokea maji ya mtaa mzima.

Sura hii inatetea jambo moja. Katika kiwanja tambarare, kifusi ni hatua ya mwisho, si ya kwanza. Kwanza unapima. Kisha unayashughulikia maji ya paa, unayafanya maji ya uwanjani yaiache nyumba, unayachagulia njia moja, na unayatafutia mahali pa kuishia. Ukifuata mpangilio huo, mara nyingi kinachobaki kujazwa ni toroli chache tu. Ukianza na kifusi, umeficha dimbwi bila kujua lilitoka wapi.

Kwa nini maji yanatuama

Sehemu kubwa ya Dar es Salaam iko kwenye uwanda wa pwani, na jiji hupata takriban milimita 1,100 za mvua kwa mwaka. Mvua hiyo haigawanyiki sawa. Nyingi huja wakati wa masika, Machi hadi Mei, na nyingine wakati wa vuli, Oktoba hadi Desemba. Mara nyingi hushuka kwa kishindo cha saa moja au mbili, kasi ambayo hata udongo wa kichanga unaweza kushindwa kuimeza.

Lakini hali ya nchi peke yake haitoshi kueleza madimbwi. Mengi tunayatengeneza wenyewe, taratibu, bila kukusudia. Fikiria ufagio. Uwanja wa udongo unaofagiliwa kila asubuhi hupoteza vumbi laini kidogo kidogo, na vumbi hilo hurundikana pembeni, chini ya uzio na kwenye mashina ya miti. Miaka inapita, katikati panashuka na kingo zinapanda. Nyayo nazo hushindilia udongo wa njia ya kila siku, kutoka mlangoni hadi getini, hadi maji hayapenyi tena.

Fikiria pia barabara ya mtaa. Kila inapokarabatiwa, inaongezwa moramu na kupandishwa. Nyumba iliyojengwa ikiwa juu kuliko barabara miaka 20 iliyopita leo inaweza kuwa chini yake. Kisha tunajenga uzio wa matofali bila tundu hata moja chini, na kufungia ndani maji yaliyokuwa yakipita. Mwisho tunamwaga zege au kupanga pevingi uwanja mzima ili pawe safi, na ardhi iliyokuwa ikinywa sehemu ya mvua inazibwa mdomo.

Ukijua sababu, unajua pa kuanzia. Dimbwi lililoletwa na uzio halitibiwi kwa kifusi, na dimbwi linalotokana na maji ya paa halitibiwi kwa kuchimba mtaro getini.

Hesabu ya maji

Hesabu ya mvua ni nyepesi, na kila mwenye nyumba anapaswa kuijua: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji.

Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 25, yaani mita za mraba 500. Nyumba ina paa la mita 10 kwa 12, yaani mita za mraba 120. Ikinyesha mvua ya milimita 40, kiwanja chote kinapokea lita 20,000, sawa na tani 20 za maji. Kati ya hizo, lita 4,800 zinatoka juu ya paa. Karibu robo ya maji yote yanaanguka kwenye ukanda mwembamba kando ya ukuta, mahali ambapo hutaki hata tone.

Maji hayo yakipiga ardhi chini ya paa lisilo na gata, yanachimba kijifereji kuzunguka msingi. Kijifereji kinashika maji, maji yanalowesha msingi, unyevu unapanda ukutani, rangi inababuka na plasta inaachia. Wengi hupaka rangi upya kila mwaka huku chanzo kikiwa nje, futi moja kutoka ukutani.

Pima kabla ya kuchimba

Hakuna kiwanja kilicho sawa kama meza. Kila uwanja una pa juu na pa chini, lakini jicho linadanganywa na uzio, na nyasi, na ukuta wenyewe. Vipimo viwili vitakuonyesha ukweli.

Cha kwanza ni mvua yenyewe. Ikinyesha, vaa koti, toka nje, utazame. Maji yanaanzia wapi? Yanaelekea wapi kabla hayajasimama? Yanaingia kutoka kwa jirani au barabarani? Mvua ikikatika, chomeka vijiti kuzunguka ukingo wa kila dimbwi, kisha rudi kesho na keshokutwa kuona lipi limekauka. Dimbwi linalokauka kwa saa chache si adui. Linalokaa zaidi ya saa 48 ndilo la kushughulikia.

Cha pili ni mpira wa maji, kifaa ambacho mafundi wetu wamekitumia muda mrefu na ambacho hakihitaji betri. Nunua mpira mwembamba unaoonyesha maji yaliyo ndani, mrefu wa kutosha kufika kila kona ya uwanja. Ujaze maji na uhakikishe hakuna povu la hewa. Maji ya ncha mbili hukaa usawa mmoja daima, hata ncha zikiwa pande mbili za nyumba.

Weka alama kwenye nguzo ya baraza, sentimita 100 juu ya sakafu. Mwenzako ashike ncha moja hapo hadi maji yafike kwenye alama. Wewe chukua ncha ya pili, simama popote uwanjani, upime kutoka kwenye maji hadi ardhini. Kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo ardhi ilivyo chini. Andika namba kila baada ya mita chache, nawe utakuwa umechora ramani ya kiwanja chako.

Tuseme kando ya ukuta umepata 118. Katikati ya uwanja, mita 8 kutoka ukutani, umepata 131. Getini 124. Kwenye kona ya nyuma, mita 12 kutoka katikati, 139. Hapo siri imefichuka. Miaka yote umekuwa ukijaribu kuyatoa maji kupitia getini, na kumbe geti liko sentimita 7 juu ya dimbwi. Maji yalikuwa yakitaka kwenda kona ya nyuma. Bila mpira huo ungemlipa fundi achimbe mtaro kuelekea upande usiofaa.

Anza na paa

Funga gata, na iiname sentimita 1 kwa kila mita 2 au 3 kuelekea bomba la kushushia maji. Gata iliyolala sawa hugeuka bwawa la majani na viluwiluwi vya mbu. Bomba la kushushia liwe la inchi 3 au 4, na lisiishie ukutani. Liongezwe kipande cha kulala kinachopeleka maji mita kadhaa mbali na msingi.

Kama una uwezo wa tangi, huu ndio wakati wake. Tangi la lita 5,000 lingemeza mvua yote ya paa katika mfano wetu, na maji hayo yangefua na kumwagilia kwa siku nyingi. Tatizo ni mvua ya siku inayofuata, inayolikuta tangi limejaa. Tangi lisilo na bomba la ziada la kutolea maji yanayofurika humwaga kila kitu kwenye kitako chake, na mara nyingi kitako hicho kiko kando ya ukuta. Panga njia ya maji ya ziada siku ileile unayopanga tangi.

Maji yaiache nyumba

Ukanda wa mita 3 za mwanzo kuzunguka nyumba ndio wa thamani kuliko uwanja wote uliobaki. Hapo ardhi ishuke sentimita 5 kwa kila mita ikiwezekana, na isipungue sentimita 3. Udongo ubaki angalau sentimita 15 chini ya sakafu, la sivyo unyevu utavuka msingi na mchwa watapata daraja.

Katika mfano wetu, udongo wa ukutani uko sentimita 18 chini ya sakafu. Unaweza kuupandisha sentimita 3 tu, ufike 115. Kutoka hapo ukishuka sentimita 3 kwa mita, mita ya tatu itasoma 124, na kutoka hapo hadi katikati, penye 131, mteremko unaendelea wenyewe. Hiyo ni kazi ya toroli na koleo. Tumia udongo wenye mfinyanzi kiasi au moramu, uloweshe kidogo, uushindilie tabaka kwa tabaka. Usijaze mchanga mtupu kando ya ukuta, kwa sababu mchanga huyapeleka maji chini, moja kwa moja hadi kwenye msingi. Mwenye uwezo aongeze ukanda wa zege wa upana wa mita 1, ulioinama kuelekea nje.

Uwanja uliobaki hauhitaji mteremko mkali. Sentimita 1 kwa kila mita inatosha kuyasogeza maji. Kwa uwanja wa mita 20 hiyo ni sentimita 20, ambayo ni pungufu kidogo ya shubiri ya mtu mzima. Watu hukata tamaa wakidhani kiwanja tambarare kinahitaji kilima, kumbe tofauti kati ya uwanja unaokauka na uwanja unaooza ni shubiri moja, ilimradi isambazwe kwa mpangilio.

Mtaro wa nyasi

Kutoka katikati hadi kona ya nyuma, mfano wetu una mteremko wa asili wa sentimita 8 katika mita 12. Tunahitaji 12. Kwa hiyo njia ya maji itachimbwa kina zaidi kadiri inavyokaribia kona, hadi sentimita 4 za ziada mwishoni.

Njia hiyo si lazima iwe mfereji wa zege wenye kingo kali. Kwa nyumba ya kuishi napendelea mtaro mpana na wa kina kidogo: upana wa mita 1 au zaidi, kina cha sentimita 15 hadi 20 katikati, kingo zilizolala ili mtoto akimbie juu yake bila kuanguka. Upandwe ukoka. Mizizi yake hushika udongo usichukuliwe na mkondo, na majani hupunguza kasi ya maji hadi sehemu yake inywewe njiani. Wakati wa kiangazi mtaro huo ni uwanja wa kawaida tu.

Penye nafasi finyu, kwa mfano kati ya nyumba na uzio, chimba mfereji wa upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 50, utandike kitambaa cha kuchuja, ulaze bomba la inchi 4 lenye matundu, ujaze kokoto na kufunika kwa kitambaa hichohicho. Bila kitambaa, udongo laini utaziba kokoto baada ya misimu michache. Bomba nalo liiname kama mtaro, na liwe na pa kutokea. Bomba lisilo na mwisho ni dimbwi lililozikwa.

Shimo la kunywea

Kabla hujachimba shimo la kuyanywesha maji ardhini, iulize ardhi kama ina kiu. Chimba kishimo cha sentimita 30 kila upande na kina cha sentimita 30, mahali unapotaka shimo liwe. Kijaze maji, yaache yazame, kisha kijaze tena na uangalie saa. Maji yakiisha ndani ya saa chache, udongo unafaa. Ukikuta nusu yamebaki kesho yake asubuhi, usipoteze fedha. Rudia kipimo hicho masika yakiwa yameshika, kwa sababu penye maji ya chini ya ardhi yaliyo karibu, shimo linalokunywa Januari linaweza kukataa Aprili.

Mchanga wa pwani kwa kawaida hukubali. Udongo mweusi wa mbuga, kama wa Shinyanga au wa nyanda za kusini-mashariki mwa Nairobi, hukataa. Kiangazi unapasuka nyufa, na ukilowa unavimba na kujifunga. Huko tegemeo ni mteremko na mtaro wa juu, si shimo. Unguja na Pemba, penye mawe ya matumbawe, maji huzama upesi sana, lakini hayachujwi vizuri kabla ya kufika visimani, kwa hiyo yanayoingia humo lazima yawe masafi.

Shimo liwe angalau mita 5 kutoka kwenye jengo lolote, na mbali na karo la choo. Usitegemee maajabu. Shimo la mita 2 kwa 2 lenye kina cha mita 1.5 lina ujazo wa mita 6 za ujazo, lakini likijazwa mawe hubakiza nafasi ya theluthi moja hivi, yaani lita 2,000. Hiyo haifikii hata nusu ya maji ya paa letu katika mvua moja kubwa. Ndiyo maana shimo hufuata mtaro na tangi, na lenyewe huwekewa njia ya maji ya ziada.

Mimea nayo inasaidia. Migomba, miwa na magimbi hufurahia kona ya chini na kuyanywa maji yake taratibu, na wazee wa pwani walijua hilo walipopanda migomba penye maji ya bafuni. Mpapai usiupande hapo. Mizizi yake ikilowa siku chache tu huoza na mti hufa.

Jirani, mtaa na choo

Maji yanayotoka kwako yanaingia kwa mtu. Kutoboa tundu kwenye uzio na kuyaelekeza uani kwa jirani ni kuhamisha taabu, na taabu hiyo hurudi kwa njia ya ugomvi au ya ukuta mpya. Kabla ya kutoboa, zungumza na jirani. Mkishindwa kuelewana, mwiteni mjumbe au mwenyekiti wa mtaa aje aone kwa macho. Mara nyingi mfereji mmoja unaopita mpakani mwa viwanja viwili hugharimu kidogo kuliko miwili inayopingana. Matundu ya uzio yatokee kwenye mtaro wa mtaa, yawe chini kabisa, na yawekewe nondo ili taka kubwa zisipite.

Mtaro wa mtaa nao ni wetu. Tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania Bara, lakini chupa na takataka nyingine bado zinaziba kalavati, na mchanga tunaofagia kutoka uwanjani unamalizia kazi. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulianza kuwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora ramani za kata za Dar es Salaam zinazofurika, pamoja na mitaro yake. Somo lake linafaa hata kwa nyumba 10: chukueni karatasi, mchore maji ya mtaa wenu yanatoka wapi na yanakwamia wapi. Mtashangaa jinsi kalavati moja iliyoziba inavyoweza kueleza madimbwi ya uwanja baada ya uwanja.

Kuna tendo moja ambalo halina udhuru: kutapisha choo mvua ikinyesha. Anayefungulia choo chake kwenye maji ya mvua anapeleka kinyesi kwenye visima, kwenye nyayo za watoto, na kwenye majiko ya watu ambao hawakumkosea lolote. Kipindupindu kimeua watu katika miji yetu kwa njia hiyo hiyo. Maji ya choo na ya karo hayana ruhusa ya kuingia kwenye mtaro wa mvua, iwe mchana au usiku, iwe mtaa unaona au hauoni.

Mbu nao wanahusika. Kutoka yai hadi mbu mwenye mabawa huchukua wiki moja au zaidi, kwa hiyo uwanja unaokauka ndani ya siku mbili hauleti kizazi kipya. Mbu wa malaria hupenda madimbwi ya wazi yanayopigwa jua, wa homa ya dengue hupenda vyombo, matairi na gata zilizoziba. Dar es Salaam iliionja dengue mwaka 2014 na tena 2019. Ukikausha uwanja, safisha na gata.

Mipaka ya maarifa haya

Yote haya yanahusu mvua inayoanguka kwenye kiwanja chako na inayopita jirani. Hayazuii mto. Mvua za Desemba 2011 zilipoujaza Mto Msimbazi wa Dar es Salaam, watu walipoteza maisha, nyumba za bondeni zilizama, na Serikali iliwahamishia baadhi ya wakazi Mabwepande. Hakuna gata wala mtaro wa ukoka ambao ungewaokoa. Kama kiwanja chako kiko kwenye njia ya mto, jibu la kweli ni kuhama, na anayekuuzia kifusi hapo anakuuzia matumaini.

Kwa wengine wote, kazi iko ndani ya uwezo wetu. Tenga siku mbili kwa mwaka: moja Februari kabla ya masika, nyingine Septemba kabla ya vuli. Zoa majani ya mwembe kwenye gata, ondoa mchanga ulioziba matundu ya uzio, kagua kama mteremko wa ukutani umeliwa na nyayo, na mchanga unaoufagia urudishe kando ya nyumba badala ya kuusukumia mtaroni.

Na kama fedha ni kidogo, usisubiri uwe nazo zote. Anza na mpira wa maji na karatasi, maana kupima ni karibu bure. Kisha yasogeze maji ya paa mbali na ukuta, hata kwa kipande cha bomba na mfereji wa tofali chakavu. Kisha rekebisha zile mita 3 za kuzunguka nyumba kwa udongo ulionao. Mambo hayo matatu yataondoa sehemu kubwa ya madhara. Mtaro, tangi na shimo vitafuata mwaka hadi mwaka, na kila utakachoongeza kitaangukia mahali pake kwa sababu tayari unajua maji yako yanataka kwenda wapi.